Sufuria Iliyochemka Bila Moto

Video ilinifikia kabla ya simu. Nilikuwa kwenye meza yangu hapa Nyarugusu, jirani na mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, nakata sabuni kwa waya, akaja mteja wangu mmoja, mchimbaji, anacheka peke yake na simu mkononi. Akasema, "Mama Sabuni, hebu ona maajabu ya kwenu Shinyanga. Kuna bibi anapika bila moto." Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikaipokea ile simu huku kicheko kiko tayari mdomoni, maana sisi wa machimboni video za kipuuzi ndiyo kitafunwa chetu cha saa nne.

Niliona sufuria iko chini kwenye vumbi. Mafiga hakuna, kuni hakuna, jiko hakuna, na sufuria inachemka. Tena siyo kuchemka kwa chai. Inafoka, inatoa povu la kijivu, mvuke unapanda, na watu walio nyuma ya kamera wanapiga kelele kwa Kisukuma wakiitana waje kutazama. Sikio moja la ile sufuria lilikuwa limefungwa waya. Kicheko kikanikauka. Sufuria ile niliijua kabla sijajua kusoma. Ni ya shughuli, haitolewi ndani mpaka kuwe na harusi au msiba. Aliyeshika simu akaigeuza kidogo, nikamwona mama yangu mzazi amesimama na mikono juu, anakohoa, macho mekundu, anasema maneno yasiyosikika kwa zile kelele. Mguu wa mwanamume ukaingia kwenye picha ukaipiga teke sufuria. Video ikaishia hapo.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

Yule mchimbaji aliichukua simu yake kwa ncha za vidole, akarudi nyuma. Mtu ambaye nguo zake zote zinafuliwa kwa sabuni yangu, anayenitania kila asubuhi kwamba nimpe binti yangu aoe na mahari atalipa kwa dhahabu. Huyo huyo alirudi nyuma. Kama mtu wa machimbo, anayelala jirani na baruti na sayanaidi, amenihofia kwa kuona video tu, huko kijijini walioiona sufuria kwa macho yao wakoje?

Nieleze kidogo, maana asiyepajua kwetu atadhani nakuza mambo. Kijiji chetu kiko upande wa Kishapu, mwendo wa baiskeli kutoka Songwa. Miti ilikwisha zamani. Wanawake wanapikia mabua, wanapikia vijiti vya pamba iliyokwisha vunwa, wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na jiko lenyewe ni kijumba kisicho na dirisha. Ukipuliza moto wa namna hiyo tangu usichana mpaka uzee, macho yatakosaje kuwa mekundu? Lakini macho hayo hayo ndiyo yanayoitwa ushahidi. Kwetu bibi mwenye macho mekundu akishasemwa kwamba ni nogi, yaani mchawi, hasubiri ugonjwa umuue. Nikiwa mdogo niliona nyumba ya bibi mmoja ikibomolewa mchana kweupe. Mwenyewe walikuwa wamekwisha mmaliza, na waliokuwa wakibomoa ni vijana aliokuwa akiwapa maji wakitoka shule.

Sasa mimi nilijua fika ile sufuria ilikuwa inachemshwa na nini. Ni kostiki.

Kostiki soda ndiyo kazi yangu. Ni vipande vyeupe, vyembamba kama magamba ya samaki, na havina harufu. Ukiacha kopo wazi vinaanza kutoa jasho, vinanyonya unyevu wa hewa mpaka vinayeyuka vyenyewe. Ukivitia kwenye maji, maji yanapata moto wa kukuunguza bila jiko wala kibiriti. Na ni lazima utie kostiki kwenye maji, kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, ukamwagia maji juu ya kostiki, yatakurukia usoni. Kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu huku kwetu wanaitia kwenye matangi ili sayanaidi isigeuke hewa ikaua watu. Mimi naitia kwenye mafuta ya mbegu za pamba. Vikikutana kwa kipimo, kostiki inakwisha ukali, mafuta yanakwisha umafuta, unabaki na sabuni. Kipimo kikizidi, sabuni inabaki na meno. Sisi wa kazi hii tunaigusa kwa ncha ya ulimi baada ya wiki kadhaa, ikikuuma unaiacha ikae zaidi.

Ngozi nayo ina mafuta, hilo watu wanalisahau. Tone la kostiki likikuangukia, kwanza unahisi utelezi kama wa sabuni. Na kweli ni sabuni, ila mafuta yaliyotumika ni yako. Dawa yake ni maji, maji mengi ya kumwagika bila kukoma, basi. Na kuna chombo kimoja ambacho haielewani nacho kabisa, nacho ni sufuria, hizi zetu nyeupe za alumini. Kostiki inazila. Inafoka, inatoa hewa inayoweza kudaka moto, maji yanageuka rangi ya matope, na ukija kumwaga unakuta sufuria imekuwa chujio.

Simu ya mwenyekiti wa kitongoji ilinikuta bado nimesimama na waya wa kukatia mkononi. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Binti, mama yako yuko kwangu. Nimemfungia stoo kwa usalama wake. Fika leo, kesho asubuhi kuna mkutano wa sungusungu na wananchi, na mimi peke yangu siwezi kuwazuia watu."

"Shikamoo baba," nikasema. Salamu ilitoka tu, kwa mazoea, wakati yeye alikuwa amekwisha kata.

Niliacha sabuni mezani haijafunikwa, nikapanda gari la Kahama, na Kahama nikapata basi la Shinyanga. Kwenye basi nilimwona mama mmoja, mtu mzima, Biblia iko mapajani na video ya mama yangu iko mkononi, anamwonyesha jirani yake na kusema Mungu atuepushe. Nilitaka kumnyang'anya hiyo simu niitupe dirishani. Nikauma ulimi, nikawaza nikigombana hapa nitashushwa njiani na huko mama atakuwa peke yake.

Nilifika jua limeanza kupoa. Mwenyekiti alinifungulia stoo. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia la pamba, amejifunika kitenge kichwani, miguu imekaa pamoja kama mgeni.

"Mayu, shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Umekula?"

Nilitaka kulia na nilitaka kumfokea, vyote kwa pamoja. "Watu wanazungumzia kukuua, wewe unaniuliza nimekula?"

"Sasa nikuulize nini?" akasema. "Kaa."

Akanisimulia. Jirani yake wa mlango kwa mlango, mwenzake tangu walipoolewa kijijini wote wawili, alifiwa na mjukuu. Homa ya siku mbili, mtoto akaenda. Kwetu kukiwa na msiba vyombo vyote vya majirani vinahamia nyumba ya wafiwa, ndoo, masufuria, sahani, mpaka mikeka. Ndoo ya mama ya plastiki, ile niliyomnunulia kwa kazi ya sabuni, ikaenda na zingine. Mtoto akazikwa. Sasa baada ya mazishi kuna kazi ya kufua, mashuka, nguo za wafiwa, mablanketi waliyolalia watu. Mama akasema moyoni, mimi nina mafuta na nina kostiki ndani, ile aliyoniachia binti yangu, mwenzangu hawezi kwenda dukani kununua sabuni akiwa na msiba. Akaona atengeneze upesi sabuni ya kufulia, iwe ndiyo rambirambi yake. Akatafuta ndoo, hakuna. Akatoa sufuria ya shughuli, iliyokuwa imekwisha rudishwa kutoka msibani.

"Mayu, si nilikukataza kutumia sufuria?"

"Ulinikataza. Nakumbuka sana. Nikadhani italamba kidogo, kama chumvi inavyokula bati. Nikasema, sufuria ni ya nini kama haiwezi kumsaidia mwenzangu siku ya shida?"

Basi alitia maji, akatia kostiki kidogo kidogo kama nilivyomfundisha. Ikaanza kuguguma. Akadhani ni joto la kawaida, akaongeza. Hapo ndipo ilipofoka na kutoa mvuke mkali uliomwingia machoni na kooni, akawa anarudi nyuma anakohoa. Na ndipo yule jirani yake alipoingia uani. Alikuwa anamrudishia ndoo.

Aliona sufuria inachemka juu ya vumbi, moto hakuna. Aliona mwenzake macho yamewiva, anapiga chafya na kukohoa, mikono inapunga ule mvuke. Na yeye tanga la mjukuu wake hata hajaanua. Alipiga mwano. Mwano ni lile yowe la kwetu la hatari, ukiusikia unaacha jembe hapo hapo na kukimbilia unakotoka, na huulizi. Wakaja. Wa kwanza alikuwa mwanawe huyo jirani, baba wa marehemu. Ndiye aliyepiga teke.

Kostiki ya moto ikamrukia mguu mzima, kuanzia goti. Mama alichota maji kwenye mtungi akamkimbilia, anamwambia nawa, nawa upesi, maji ndiyo dawa. Kijana akamkimbia. Alikimbia maji, kwa sababu yametoka mkononi mwa mama. Wengine wakampeleka kwao, wakamsugua kwa mafuta ya kula ili kupoza. Mafuta ya pamba. Mtu yeyote wa kazi yangu anajua kilichofuata. Mguu ukateleza, ukatoa povu jepesi, wakaongeza mafuta, ukazidi kuteleza, na walipojaribu kufuta kwa kitambaa ngozi ikafuata kitambaa. Hapo hata aliyekuwa na shaka hakubaki nayo. Wakasema bibi anamyeyusha baba kama alivyomla mtoto.

Nilimsikiliza mama nikiwa nimeshika kichwa. Kila walichokiona kilikuwa kweli. Sufuria ilichemka bila moto, kweli. Mguu ulitoa povu, kweli. Ningekuwa sijui kostiki ni nini, mimi mwenyewe ningeogopa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko fimbo za sungusungu.

Nikatoka nikaenda kwa yule kijana. Mwenyekiti alinisindikiza, la sivyo nisingepita mlangoni. Alikuwa amelala kwenye mkeka nje, mguu umepakwa dawa ya meno juu ya mafuta, na chini yake nyama imekuwa nyeupe, laini, imelegea. Nimeona majeraha ya machimboni mengi lakini si kama ule mguu. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni kostiki. Bado inakula. Mwagia maji sasa hivi na uende zahanati, waambie ni kostiki soda, usiwaambie ni uchawi." Akageuza uso ukutani. Mama yake, yule jirani, alikuwa amekaa kizingitini na kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Huyu mwanamke aliwahi kuninyonyesha mama akiwa anaumwa. Nikamwamkia. Alinitazama usoni, akautazama mguu wa mwanawe. Kisha akainuka, akachukua dumu la maji, akaanza kummwagia mwanawe mguuni, na kijana akapiga kelele, naye akaendelea kumwaga. Dumu lilipokwisha akamwambia mkwewe alete lingine.

Mwenyekiti alikubali jambo moja tu. Nilimwomba mkutano usianze na maneno, uanze na kazi. "Niwaonyeshe wote sufuria nyingine ikichemka." Akafikiri. Ni mtu mwoga lakini si mtu mbaya. Akasema, kostiki yako wewe hawataiamini, na ile ya mama yako hakuna atakayeigusa. Alfajiri akamtuma bodaboda wake mwenyewe mjini akanunue kopo jipya, halijafunguliwa, kwenye duka lolote atakalochagua.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Sijawahi kuona kijiji chetu kimejaa vile, hata siku ya mnada wa ng'ombe. Sungusungu walikaa mbele na fimbo zao. Mama aliwekwa katikati, juu ya kigoda, peke yake, na kati yake na watu wote palibaki nafasi tupu ambayo hata kuku hakuipita. Kila niliyemtazama namjua. Yule alinifundisha kuendesha baiskeli. Yule, mtoto wake wa kwanza alipokelewa na mama kwa mikono yake. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja usoni, na mmoja mmoja alikuwa anatazama chini.

Kijana mmoja wa sungusungu alisimama kusema watu wasipotezewe muda, kilichoonekana kimeonekana, na video ipo. Hapo nilishindwa kujizuia. Mimi ulimi wangu mwepesi, kila mtu kwetu anajua. Nikamwambia, "Wewe nani alikukanda kifua ulipokuwa na pumu? Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Ninyi wote mlimpa wana wenu, akawalea, na mmoja wao ni wewe unayesimama hapo na fimbo. Sasa amelea mpaka mmeota ndevu ndiyo mnajua kwamba ni mchawi?" Watu wakaguna. Yeye akakaa, lakini akasema akiwa amekaa, wala hakupandisha sauti, kwamba mimi ni mwanawe, na mkono wa mtoto na wa mama ni mkono mmoja. Chochote nitakachochemsha mimi hakitathibitisha kitu. Tena kitathibitisha kwamba tuko wawili.

Hapo alikuwa amenishika. Nikageuka kwa mwenyekiti nikasema basi atie mtu mwingine, na sufuria iwe ya mtu mwingine, kila kitu kiwe chao. Mimi nitasema tu cha kufanya.

Mwenyekiti akauliza nani atatoa sufuria. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni. Akauliza tena. Watu wote wale, kila nyumba na sufuria zake, na hakuna aliyetaka chombo chake kiguse jambo la mama yangu. Nikaona kabisa kwamba mama atakufa kwa kukosa sufuria.

Akasimama yule jirani. Alipita katikati ya watu na kichwa chake kilichonyolewa, akaenda kwake, na sisi tukamngoja. Alirudi na sufuria ndogo, safi, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa, na mkono wa pili ana ndoo. Akaviweka chini mbele ya mwenyekiti. Akaniambia, "Sema nifanye nini."

Nilimwomba mwenyekiti azimishe sigara zote, awasogeze watu nyuma upande upepo unakotoka. Nikamwambia yule jirani ajifunge kitambaa puani na mdomoni, avae glavu zangu za kazi na miwani yangu nilivyokuja navyo mkobani, atie maji sawa kwenye ndoo na kwenye sufuria. Maji yalichotwa kwenye bomba la shule mbele ya wote. Mwenyekiti akafungua kopo, akawaonyesha watu kifuniko. Nikasema, anza na ndoo. Akamimina vile vipande kidogo kidogo, akakoroga kwa ubao. Kamvuke kakatoka. Nikamwambia mwenyekiti aguse ndoo kwa nje, akagusa, akauondoa mkono upesi na kusema ina moto. Watu wakanong'ona. Lakini haikuchemka, ilitulia tu kama maji ya kuoga.

"Sasa sufuria," nikasema.

Akatia kipimo kile kile. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Nilihisi macho yote yananichoma mgongoni, na mimi ninayeijua kostiki kama ninavyojua vidole vyangu nilianza kujiuliza kama lile duka limetuuzia chumvi. Kisha pembeni mwa sufuria vikatokea viputo vidogo, vikaongezeka, maji yakawa na ukungu, yakawa ya kijivu. Ikafoka. Povu likapanda mpaka ukingoni na kumwagika kwenye vumbi, mvuke ukasimama, na ile sauti, ile ya kuguguma, ikasikika uwanja mzima. Watu wa mbele walikurupuka, wengine wakaanguka juu ya wenzao. Chini ya sufuria palikuwa na udongo tu.

Yule jirani alisimama pale pale juu ya sufuria yake. Hakurudi nyuma ingawa nilimwambia arudi. Alitazama povu likipanda, akanyanyua mikono yake miwili, ile yenye glavu, akaitazama. Nadhani alikuwa anatafuta uchawi wake mwenyewe. Ilipopoa mwenyekiti aliipindua kwa fimbo, tukaona tako lake limekuwa jeusi, limeliwa, na mwanga unapita kwenye matundu.

Ninachokisimulia sasa ndicho kilichonishtua kuliko yote, kuliko video, kuliko mguu. Walicheka. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, kicheko cha watu walioshushiwa mzigo. Yule wa fimbo alikuwa akitikisa kichwa na kusema, kumbe. Mwenye simu alikuwa anachukua video tena. Mwenyekiti akatangaza kwamba jambo limekwisha, mama hana kosa, ni dawa ya dukani, na atakayemsema tena atalipa ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja, na huyu jana yake alitema mate mama alipopitishwa, alinisogelea akanishika mkono akaniuliza hiyo kostiki inauzwaje, na kama naweza kuwafundisha na wao sabuni, wana kikundi chao. Hata saa moja haikuwa imepita. Nikauchomoa mkono wangu.

Yule jirani wa mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kigoda, bado na glavu zangu mikononi. Alikuwa analia, anasema, "Nisamehe, mwenzangu. Nilichanganyikiwa. Nisamehe."

"Inuka," mama akamwambia. "Juzi tumezika mtoto, usinipigie magoti." Akamshika kiwiko akamwinua. Kitenge kikamwanguka kichwani, tukaona uso wake wote, na macho, mekundu vile vile kama siku zote. Halafu akawageukia wao, yule aliyenifundisha baiskeli, yule wa fimbo, mwenyekiti, wote. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Na kama isingechemka?"

Makofi yalikuwa bado yanaendelea kwa nyuma, yakakatika. Mama alisubiri. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akawapa muda wa kutosha wa kujibu, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nikiomba mtu yeyote afungue mdomo hata aseme uongo.